Kilomita za karatasi si kilomita za barabara

Walimu na wanafunzi wengi wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba neno boda boda lilizaliwa mpakani. Inasimuliwa kuwa katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia na Malaba waliwanadia abiria kwa neno hilo, wakiwavusha pamoja na mizigo yao kutoka kituo cha mpakani cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Sisi wanaisimu hulitumia neno hili darasani kama mfano mzuri wa utohozi. Mzizi ulichukuliwa kutoka Kiingereza, sauti zikalainishwa kwa kanuni za Kibantu, kisha neno likarudiwa mara mbili, na uradidi huo ukatuonyesha tendo lifanyikalo tena na tena, nenda rudi. Jambo ambalo aghalabu hatulitaji ni kwamba neno hili limebeba kipimo ndani yake. Boda boda, kwa asili yake, ni safari fupi. Ni mpaka hadi mpaka, basi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu siku hizi umeme umeingia barabarani. Pikipiki zinazotumia betri zinaongezeka mijini, mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria jijini Nairobi tangu mwaka 2022, na magari madogo ya umeme yaliyokwisha kutumika huko Japani yanauzwa nchini. Katika safari fupi za mjini, chombo cha umeme hakina matata makubwa: mwendeshaji huenda, hurudi, hubadilisha betri au huchaji usiku, na maisha yakaendelea. Lakini barabara kuu si boda boda. Anayetoka Malaba kwenda Eldoret, au Busia kwenda Kisumu na kuendelea mbele, anahitaji hesabu ya namna nyingine. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, lugha inapotumiwa kuwapotosha watu.

Mwalimu mmoja afundishaye shule ya sekondari upande wa Malaba aliniuliza kwa barua swali ambalo ningependa kulijibu hadharani, maadamu si lake peke yake. Alikuwa akifikiria kuchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha walimu ili anunue gari la umeme. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba gari hilo "linakwenda kilomita mia nne" kwa chaji moja. Kutoka Malaba hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 440. Je, aliuliza mwalimu, si kweli kwamba akisimama kidogo tu Nakuru kuongeza umeme atafika bila wasiwasi? Mkopo wenyewe ungemchukua miaka minne kuulipa.

Hebu tuitazame sentensi ya muuzaji kama mwanaisimu anavyoitazama sentensi yoyote. Gari lililokuwa likizungumziwa ni Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2017. Kwa kipimo kilichotumika Japani wakati huo, gari hilo lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 400. Kwa kipimo cha zamani cha Ulaya, gari hilo hilo lilikwenda kilomita 378. Kwa kipimo kipya cha Ulaya, kilichoanza kutumika mwaka 2017, lilikwenda kilomita 270. Na kwa kipimo cha shirika la serikali ya Marekani linalohusika na mazingira, lilikwenda maili 151, yaani kilomita 243. Gari ni moja, betri ni moja, nambari ni nne. Kati ya ile kubwa na ile ndogo pana tofauti ya kilomita 157, umbali unaokaribia ule wa Nairobi hadi Nakuru.

Je, kuna aliyesema uongo? La hasha. Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba thamani ya ishara hutokana na mfumo iliyomo. Nambari nayo ni ishara. Kilomita 400 za Japani zilipatikana kwa gari kuendeshwa juu ya mitambo ya maabara, kwa mwendo unaoiga msongamano wa miji ya Japani, ambao wastani wake haufiki kilomita 25 kwa saa na kilele chake hakizidi kilomita 82 kwa saa. Ni nani aendaye Eldoret kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa? Hata trela lililobeba saruji haliendi hivyo, isipokuwa limo katika foleni ya Malaba. Wamarekani, kwa upande wao, hupima kwanza maabara, kisha aghalabu hukata takriban asilimia 30 ya matokeo ili yakaribie maisha ya kawaida ya dereva. Kosa basi halimo katika nambari. Kosa limo katika kuing'oa nambari kutoka katika mfumo wake na kuipandikiza penye mfumo mwingine bila kumwambia msikilizaji.

Hebu sasa tuingie katika hesabu yenyewe, na naomba wanafunzi wasiogope. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: masafa na ufanisi. Masafa ni umbali ambao gari linaweza kwenda kwa chaji moja. Ufanisi ni kiasi cha umeme ambacho gari hutumia ili kwenda umbali fulani. Masafa ni maji ya mtungi. Ufanisi ni kiu ya mnywaji. Mtungi mkubwa kwa mnywaji mwenye kiu kali waweza kwisha mapema kuliko mtungi mdogo kwa mnywaji wa kiasi. Anayeuliza ukubwa wa mtungi tu bila kuuliza kiu ameuliza nusu ya swali.

Kwa bahati njema, Mkenya wa kawaida anakijua kipimo cha umeme kuliko anavyodhani. Kila anayenunua tokeni za stima kwa simu anajua yuniti ni nini. Yuniti moja ni kilowati-saa moja. Betri ya kilowati-saa 40 ni betri ya yuniti 40, hakuna muujiza zaidi ya huo. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia yuniti 9. Kwa hiyo betri nzima ya gari hilo imebeba nishati isiyozidi ile iliyomo katika lita nne na nusu za petroli. Msomaji ataona mara moja ajabu ya jambo hili. Gari la petroli la ukubwa huo, likipewa lita nne na nusu, litakwenda kilomita sitini au sabini hivi na kuzimika. La umeme litakwenda mara tatu ya hapo. Sababu ni kwamba injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, na robo au theluthi tu ndiyo inayosukuma magurudumu, ilhali mota ya umeme hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme inaopewa kuwa mwendo. Kwa ufanisi, gari la umeme limeshinda bila ubishi. Udhaifu wake ni mtungi mdogo.

Kwa kuwa mtungi ni mdogo, kila kinachoongeza kiu huonekana haraka. Cha kwanza ni kasi. Ukinzani wa hewa hauongezeki sambamba na kasi, bali huongezeka kwa mraba wake. Gari linalotoka kilomita 80 kwa saa kufikia 110 limeongeza kasi kwa chini ya asilimia 40, lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa karibu asilimia 90. Kwa makadirio yangu, gari tunalolizungumzia, likiwa katika barabara tambarare, litatumia yuniti 13 au 14 kwa kila kilomita 100 likienda kilomita 80 kwa saa, na yuniti zipatazo 18 likienda 110. Tuseme kati ya zile yuniti 40 dereva ana 36 za kutumia kwa hakika. Kwa mwendo wa 80 atafika kilomita 260 na kitu. Kwa mwendo wa 110 atafika 200. Wahenga waliosema pole pole ndio mwendo hawakuwa na betri, lakini kwa dereva wa gari la umeme usemi wao umekuwa kanuni ya fizikia.

Cha pili ni mlima. Malaba na Busia ziko katika nchi ya chini, karibu na kimo cha Ziwa Viktoria, mita 1,150 hadi 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Eldoret iko mita 2,100. Timboroa, baada ya Eldoret, inapita mita 2,700. Wajenzi wa reli ya Uganda walipafahamu vizuri mahali hapo, kwani ndipo kilele cha njia yao. Kuinua gari lenye uzito wa kilo 1,750 pamoja na abiria wake kwa mita 1,000 kunahitaji nishati ya karibu yuniti 5, hata kama gari halikuendelea mbele hata hatua moja. Hesabu hii mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya mwenyewe: uzani, mvutano wa dunia na kimo, basi.

Hata hivyo, mlima wa gari la umeme una tofauti na mlima wa gari la petroli. Tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hapa methali imepinduka: kupanda ndio ngoma, kushuka ni neema. Dereva anapoachia kikanyagio katika mteremko, mota hugeuka kuwa dainamo, kama ile iliyowasha taa za baiskeli za boda boda wa kwanza, na umeme hurudi katika betri. Haurudi wote, theluthi moja au zaidi hupotea njiani. Lakini gari la petroli halijawahi kumrudishia mtu hata kijiko kimoja cha mafuta kwa sababu ameteremka kutoka Eldoret hadi Webuye.

Ukiyaunganisha mambo haya, safari ya kutoka Malaba hadi Eldoret, kilomita zipatazo 125, itatumia yuniti 22 au 23 kwa mwendo wa wastani. Safari ile ile ya kurudi itatumia 14 au 15. Barabara ni moja na gari ni moja, lakini kwenda si kurudi. Hakuna tangazo litakaloeleza jambo hilo, kwa kuwa maabara haina Timboroa.

Cha tatu ni umri. Sheria yetu inazuia kuingizwa nchini magari yaliyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu hununua yaliyokaribia ukomo huo. Betri huzeeka, na huzeeka upesi zaidi panapo joto. Vizazi viwili vya kwanza vya Leaf havikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto la Busia linajulikana. Zipo Leaf za mwanzo zilizokuwa na betri ya yuniti 24. Betri ya namna hiyo ikibakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake, imebaki na yuniti 17 tu, wala hizo haziwezi kutumika zote. Gari hilo litamhudumia vizuri sana mtu anayekwenda kati ya Busia na Malaba, mwendo wa kilomita thelathini hivi. Halitampandisha mtu kutoka Malaba hadi Eldoret. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sasa naweza kumjibu mwalimu. Safari ya Malaba hadi Nairobi, pamoja na kupanda Timboroa, kuteremka Nakuru na kupanda tena kuelekea Limuru, itahitaji yuniti zinazokaribia 70. Hizo ni betri mbili za gari analoonyeshwa, zikiwa bado katika ubora wake. Atahitaji kusimama angalau mara mbili, tuseme Eldoret na Nakuru, na kila mara asimame kwa muda wa kutosha mahali penye mtambo wa kuchaji kwa haraka; akitegemea soketi ya kawaida ya ukutani, atalala njiani. Lakini kama haja yake ni kwenda shuleni kila siku, sokoni Busia siku ya gulio na Bungoma mwisho wa wiki, gari hilo litamfaa kuliko la petroli, na akichaji nyumbani gharama ya kila kilomita itakuwa ndogo mno. Halmashauri ya kudhibiti nishati, EPRA, iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri. Uamuzi ni wake. Alichostahili ni kupewa nambari inayolingana na barabara yake.

Si kwamba mazingira yetu yanatuonea kila mahali. Huko Ulaya ya kaskazini, baridi hupunguza sana masafa ya gari la umeme, maana betri hulegea na dereva hutumia umeme huo huo kujipasha joto. Busia hakuna anayewasha kipasha joto. Kadhalika, hewa ya Timboroa ni nyepesi. Uzito wake ni kama robo tatu ya hewa ya pwani, kwa hiyo ukinzani wake nao umepungua. Nambari za Norwei wakati wa theluji hazituhusu, kama vile nambari za Japani zisivyotuhusu. Tunazohitaji ni nambari zetu.

Na tuna sababu ya kuzitafuta. Kila siku malori ya mafuta hupanga foleni Malaba na Busia yakielekea Uganda na kwingineko, yakichoma dizeli ili kuipeleka dizeli. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Busia na marais wa Kenya na Uganda mwaka 2018 kilikusudiwa kupunguza usumbufu huo, lakini msafiri yeyote anajua kwamba foleni bado hutokea. Umeme wenyewe haupangi foleni. Umevuka mpaka huu kwa nyaya tangu miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954. Upande wetu tuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mwaka 1981. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kwamba neno stima, tunalolitumia Kenya kwa umeme, asili yake ni mvuke wa meli na mitambo. Neno lilitangulia, Olkaria ikaja kulithibitisha. Jirani zetu nao hawakulala: wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na basi la Kayoola mwaka 2016.

Ninarudi katika fani yangu. Kwa nini mwalimu msomi, tena mwenye shahada, alibabaishwa na nambari moja? Nadhani sababu mojawapo ni kwamba tumewafundisha watoto wetu fizikia katika lugha wasiyonunulia kitu sokoni, kisha tukawaacha sokoni na lugha isiyo na fizikia. Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno nguvu hubeba mzigo wa dhana tatu au nne: gari lina nguvu, betri ina nguvu, umeme una nguvu. Wataalamu walikwisha kuzitenganisha dhana hizo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na wanafunzi wetu wangefaidika kujua kwamba kani si nishati, na kwamba kilowati, ambayo hupima kasi ya kutumia nishati, si kilowati-saa, ambayo hupima nishati yenyewe. Muuzaji anayesema "betri ya kilowati arobaini" ama hajui au anatumaini kwamba mnunuzi hajui. Hata neno masafa lina matumizi mawili, umbali wa barabara na mawimbi ya redio. Si vibaya, mradi tujue tumo katika muktadha upi.

Nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa wenye mamlaka. Majokofu yanayouzwa nchini hubandikwa lebo ya nyota zinazoonyesha matumizi ya umeme, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2016. Ikiwa jokofu lastahili lebo, gari linalogharimu mshahara wa miaka linastahili zaidi. Lebo hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na iseme mambo matatu: gari hutumia yuniti ngapi kwa kilomita 100 likienda 80 kwa saa; hutumia ngapi likienda 100; na betri imebakiwa na asilimia ngapi ya uwezo wake siku ya kuuzwa. Sentensi tatu fupi zingewaokoa watu wengi.

La pili ni kwa walimu, na halihitaji bunge wala bajeti. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waungane kwa kipindi kimoja. Mwendeshaji wa pikipiki ya umeme aombwe kuwaruhusu wanafunzi waandike kilomita alizokwenda na yuniti alizochaji kwa wiki moja: siku za mvua, siku za jua, akiwa peke yake, akiwa na mizigo. Kisha wanafunzi wagawanye, walinganishe na nambari iliyo katika karatasi ya mtengenezaji, na waandike insha kueleza tofauti wanayoiona. Shule za Busia na Malaba zinafaa kuwa za kwanza, kwani vijana wa huko husikia Kiteso, Kisamia, Kikhayo, Kibukusu na Kiswahili kabla ya adhuhuri, na wanajua vizuri kuliko wengi wetu kwamba neno likivuka mpaka laweza kubadilika maana.

Mji uliolipa bara zima neno la safari fupi unaweza pia kutufundisha kuipima safari ndefu. Tuwazoeze wanafunzi kuuliza, kila wanapopewa nambari: imepimwa wapi, kwa mwendo gani, na katika barabara ya nani?